Pampu Inayotapika

Jina la wifi yake lilipotajwa, Bi Futi alipiga makofi kuliko watu wote chumbani. Alipiga mpaka viganja vikamwasha, kwa kuwa aliogopa kwamba akilegeza mikono kidogo tu, wenzake wangesikia kitu kingine ndani ya makofi yale.

"Kuanzia leo," alisema Mkuu wa kitengo, "modeli yetu ya maji ya chini ya ardhi iko mikononi mwa Chapuchapu. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya bodi siku ya Alhamisi. Kuna mwenye swali?"

Hakuna aliyeinua mkono. Bi Futi alikuwa na swali moja, lakini halikuwa la kuulizwa hadharani.

Chapuchapu alikuwa dada mdogo wa mume wake. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, kwa sababu alitembea mapema, akasema mapema, na hata meno yalimwota kabla ya wakati wake, kana kwamba aliambiwa chakula kinakwisha. Bi Futi naye alibatizwa na ofisi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la idara ya maji, kufungua vifuniko vya visima vya kupimia, na kuteremsha futi ndefu mpaka iguse maji, ili ijulikane yamepanda au yameshuka.

"Hongera, wifi," alisema walipotoka.

"Asante, wifi yangu." Chapuchapu alimkumbatia kwa nguvu. "Lakini si unajua mwenyewe? Bila wewe ningekuwa bado kwenye dawati la wateja, natukanwa na watu waliokatiwa maji."

Neno hilo lilimwingia Bi Futi kama mwiba, kwa sababu lilikuwa kweli.

Idara ilipotangaza masomo ya jioni ya modeli za kompyuta, ni yeye aliyejiandikisha kwanza. Umri ulikuwa umekwenda, watoto wamekua, na aliona haya kuingia darasani peke yake na kukaa na vijana. Akamwomba wifi yake amsindikize. "Njoo tu tukae wote, nisionekane kituko," alimwambia. Chapuchapu akaja kumsindikiza. Kufikia muhula wa pili, aliyesindikizwa ndiye aliyekuwa akichungulia daftari la msindikizaji.

Si kwamba Bi Futi hakuelewa. Alielewa, tena vizuri, ila alielewa polepole na kwa jasho. Alisali kabla ya kila somo, akasali tena kabla ya kila mtihani, na alifaulu mitihani yote. Wifi yake alifaulu zaidi, huku akitafuna karanga.

Somo lenyewe halikuwa la uchawi. Mwalimu aliwaambia wafikirie mtungi mkubwa uliozikwa chini ya mji, uliojaa mchanga na maji. Mvua na mto huutia maji. Pampu, mizizi ya miti na chemchemi huyatoa. Ukijua kinachoingia na kinachotoka, unajua kama mtungi unajaa au unakauka, na hiyo ndiyo bajeti ya maji. Kwa kuwa hakuna anayeweza kushuka kuchungulia, kompyuta hukata ardhi vipande vya mraba kama vigae vya sakafu, kisha kila kigae humuuliza jirani yake, "Una maji kiasi gani? Nikupe, au unipe?" Wanaulizana hivyo mpaka wote wanakubaliana.

"Sasa sikilizeni," mwalimu alisema jioni moja. "Maji yanayovutwa na pampu yaandikeni kwa alama ya kutoa mbele. Mkisahau ile alama, kompyuta haitawauliza. Itadhani pampu inayarudisha maji ardhini. Mtakuwa na pampu inayotapika."

"Mwalimu," Chapuchapu alidakia, "hiyo pampu inauzwa wapi? Nataka nikaifunge nyumbani kwangu!"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Bi Futi alicheka pia. Wakati ule bado aliweza kucheka utani wa wifi yake bila kujilazimisha.

*

Jioni ya siku ile ya tangazo, Chapuchapu alikuja kula kwa kaka yake, kama alivyozoea. Mama mkwe, ambaye aliishi na Bi Futi, alikuwa amekwisha kupata habari.

"Mwanangu anaona maji chini ya ardhi!" bibi huyo alisema huku akimsogezea binti yake sahani. "Wengine wanaona mwisho wa pua zao tu."

"Mama, ni kompyuta inayoona," alisema Chapuchapu.

"Kompyuta si inaambiwa na wewe? Basi."

"Na mke wangu naye kasoma hayohayo," mume wa Bi Futi alisema, akijaribu kuweka mambo sawa. "Tena ndiye aliyeanza."

"Kuanza si kufika," alisema mama mkwe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba chumvi ni nyeupe.

Bi Futi aliinuka kwenda kuleta maji ya kunawa ambayo hayakuwa yamehitajika. Jikoni alisimama akiwa ameshika birika. Alifua nguo za bibi yule, alimpeleka hospitali, alijua dawa zake zote na kila moja inanywewa wakati gani. Hata siku moja hakuwahi kusikia sifa yake ikisemwa mezani kwa sauti kubwa. Hali ile watu wameipa jina: roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Alijua jina lake, alijua ni dhambi, na kujua hakukumsaidia kitu.

*

Kesho yake wote wawili walikuwa kwenye chumba cha modeli, chumba chembamba chenye meza mbili, feni moja, na ramani kubwa ya mji iliyobandikwa ukutani. Bodi ilitaka jibu la jambo moja. Kiwanda kilichoko mteremko wa juu kilikuwa na visima virefu vilivyokuwa vikivuta maji tayari, na sasa kilitaka kuchimba vingine. Mtungi unaruhusu, au hauruhusu? Visima vikiruhusiwa wakati mtungi hauruhusu, zitakazokauka kwanza ni chemchemi za chini, zinazojaza matangi ya mtaa wa mabondeni.

"Wifi, nashuka kuchukua chai. Nikuletee?"

"Niletee. Sukari kidogo."

"Kidogo yako au kidogo ya watu?"

"Nenda bwana!"

Chapuchapu alitoka akicheka, akaacha kompyuta imewaka. Macho hayana pazia. Bi Futi alisogeza kiti mpaka meza ya pili. Alijiambia anataka kuangalia tu, ajifunze. Kwenye kioo ilikuwepo ramani yote, na mistari inayoonyesha maji yamesimama juu kiasi gani kila mahali. Alishika kipanya, akakuza picha ya mteremko wa juu, penye visima vya kiwanda.

Akakuza tena.

Pampu ikivuta maji kwa nguvu, maji yaliyoizunguka hushuka, na kwenye ramani panatokea kama shimo la sahani. Hapa palikuwa na kilima. Mistari ilizunguka visima vya kiwanda ikipanda na kupanda, kana kwamba kichuguu cha maji kilikuwa kimeota pale chini. Bi Futi alikitazama, na mara akasikia darasa zima likicheka kichwani mwake. Pampu inayotapika! Chapuchapu alikuwa ameingiza visima vya kiwanda bila ile alama.

Aliona hata namna kosa lilivyojificha. Visima vingine vyote vya mji vilikuwa sawa. Hivi vya kiwanda viliingizwa mwisho, na jedwali la bajeti lilijumlisha visima vyote kwenye mstari mmoja, kwa hiyo jumla ilionekana ndogo tu, haikuonekana ya ajabu. Tena hapakuwa na kisima cha kupimia karibu na kiwanda, basi hakuna kipimo ambacho kingepiga kelele. Mtungi ulionekana una ziada, na ziada yenyewe ilikuwa maji ya kiwanda yaliyohesabiwa kama zawadi.

Nyayo zilisikika ngazini. Bi Futi alirudi mezani kwake haraka, moyo ukimdunda kama wa mwizi wa kuku.

"Chai yako hii. Sukari kidogo ya watu."

"Ahsante."

Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe. Ilihitaji sentensi moja: wifi, hebu tazama alama ya visima vya kiwanda. Lakini sentensi ilipofika kooni, ilikutana na nyingine iliyokuwa ikipanda kwa kasi zaidi. Mwache. Mwache asimame na kilima chake mbele ya bodi. Mjumbe mmoja mwenye macho atauliza maji yanapandaje pale yanapovutwa, na hapo tutaona uchapuchapu una faida gani. Kisha Mkuu atageuka kutafuta mtu mwingine.

Alikunywa chai. Ilikuwa tamu sawasawa na alivyopenda, na hilo nalo lilimuudhi.

*

Jioni ile alipiga magoti kama kawaida yake. Aliwaombea watoto, akamwombea mume, akamwombea mama mkwe afya ya magoti. Alipofika kwa wifi yake, akakwama. Kila siku alikuwa akisema, "Mbariki na wifi yangu," maneno mepesi, yanatoka yenyewe kama pumzi. Sasa yalikataa kutoka. Alijaribu kuomba kwamba kweli ijulikane siku ya bodi. Akasikia jinsi ombi hilo lilivyovaa nguo safi juu ya mwili mchafu. Mungu hadanganywi kwa nguo. Akanyamaza, akabaki amepiga magoti muda mrefu bila neno, mpaka mume wake akauliza kutoka kitandani, "Leo unaombea nchi nzima?"

"Lala," alimwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusali, aliinuka bila kusema amina.

*

Jumatano walifanya majaribio mbele ya Mkuu. Chapuchapu alizungumza vizuri, bila kusoma popote, akieleza mtungi na vigae mpaka hata mhasibu aliyepita kuchukua funguo akasimama kusikiliza.

"Kwa hiyo unaniambia tuna ziada?" Mkuu aliuliza.

"Kwa modeli hii, ndiyo. Si ndogo."

"Kiwanda kitafurahi." Mkuu alijikuna kidevu. "Bi Futi, wewe ndiye mkongwe wetu wa visima. Una neno?"

Chumba kilimgeukia. Wifi yake naye aligeuka, akitabasamu, kwa uso wa mtu anayengoja msaada wala si hukumu. Bi Futi aliuona mtaa wa mabondeni, mabomba yakikoroma bila maji. Akamwona pia mama mkwe akisogeza sahani.

"Sina neno," alisema.

Siku ile hakula mchana. Jioni aliambiwa Chapuchapu hatakuja mezani kwa kaka yake, ana kazi ofisini. Mama mkwe alisema, "Mnaona? Watu wa maana hawana hata muda wa kula."

Bi Futi aliingia chumbani, na safari hii hakupiga magoti kwanza. Alisimama tu. "Nitamwambia asubuhi," alisema. "Kabla ya mkutano. Nishike mkono nisirudi nyuma." Ndiyo ilikuwa sala yake yote.

*

Asubuhi alifika mapema, lakini wajumbe wa bodi walikuwa wamekwisha kujaa ukumbini na njiani. Chapuchapu alikuwa amezungukwa na watu, akifunga nyaya za projekta, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bi Futi alijipenyeza mpaka karibu.

"Wifi, nina neno moja."

"Baadaye, wifi. Wanaanza."

Angeweza kumshika mkono. Angeweza kusema palepale. Lakini mwenyekiti aligonga meza, watu wakakaa, na Bi Futi akajikuta amekaa nao. Nitainua mkono, alijiambia. Kilima kikitokea tu, nitainua mkono. Aliweka mkono wa kulia juu ya goti, ukiwa tayari.

Picha ikatokea ukutani. Palikuwa na shimo.

Shimo la sahani, lenye kina, limezunguka visima vya kiwanda kama linavyopaswa. Na chini, penye chemchemi, mistari ilikuwa imesogea. Chapuchapu alisema kwa sauti tulivu kwamba jana alikuwa na picha nyingine, na ilikuwa na kosa lake mwenyewe. Visima vya kiwanda alikuwa ameviandika kana kwamba vinarudisha maji ardhini. Usiku kucha alirekebisha na kuendesha modeli upya. Ziada ilikuwa imetoweka. Mtungi unatoa maji mengi kuliko unavyoingiza, alisema, na visima vipya vitazikausha chemchemi za mabondeni.

Mkuu aligeuka kwenye kiti chake akiwa ameduwaa. Mjumbe mmoja, mzee mwenye miwani, aliinua kalamu.

"Kosa kama hilo, binti, mtu hulionaje? Mwenyewe umesema jedwali lilikuwa linapendeza."

Chapuchapu aligeuka kutoka kwenye picha. Kisha akanyoosha mkono kuelekea viti vya nyuma.

"Sikuliona mimi. Wifi yangu yule ndiye aliyenionyesha."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. "Simama tukuone, mama!" mtu alisema, na Bi Futi akasimama, mkono aliokuwa ameutayarisha ukiwa umening'inia kando yake kama kitu cha mtu mwingine. Makofi yalikuwa mengi kuliko aliyompigia wifi yake siku ya tangazo. Hakuwahi kupigiwa makofi mengi hivyo maishani. Kila moja lilimfikia kama kofi la kweli.

Bodi ilikataa visima vipya kabla ya mapumziko.

*

Alimngoja wifi yake kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Chapuchapu alikuja peke yake amekumbatia projekta.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Sikusema uongo. Ulinionyesha." Chapuchapu aliweka projekta chini. "Juzi niliporudi na chai, niliacha ramani yote kwenye kioo, nikakuta picha imekuzwa mpaka kiwandani. Nikadhani nimegusa mwenyewe, nikairudisha. Jana baada ya majaribio nikaikumbuka. Nikajiuliza, nani alikuwa anatafuta nini pale? Nikaikuza tena. Nikaona."

Bi Futi hakuwa na pa kuweka macho yake.

"Ulinionyesha kweli, wifi. Ila hukukusudia."

"Leo asubuhi nilitaka kukuambia."

"Labda."

"Ningeinua mkono mle ndani. Nilikuwa nimeutayarisha."

"Labda," Chapuchapu alirudia, na safari hii sauti yake ilikatika. "Jana Mkuu alipokuuliza, nilikutazama, unajua? Nilikuwa na wasiwasi na sikujua wa nini. Nikasema moyoni, kama kuna tatizo, wifi yangu ataliona. Uliposema huna neno, nikatulia." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikatulia kabisa."

Aliinua projekta yake akaenda.

Bi Futi alibaki kwenye korido. Hasira ya wifi yake angeivumilia, na matusi pia. Kilichomuuma ni kwamba hatajua kamwe kama ule mkono ungeinuka. Tena, chini ya aibu yote ile, aliukuta wivu uleule bado umekaa, haujaondoka hata kidogo, umebadilisha kiti tu. Hata kwenye wema amenitangulia, uliwaza. Hata hapo!

Alicheka peke yake, kicheko kikavu. "Mungu wangu," alisema, "kazi unayo."

*

Jioni walikaa mezani wote. Chapuchapu alikuja, ingawa Bi Futi hakuwa ametarajia kwamba angekuja. Alikaa mwisho wa meza na kula kimya. Mume wa Bi Futi alikuwa amekwisha kusimuliwa na dereva wa ofisi, naye alimsimulia mama yake kwa madoido, pamoja na makofi na "simama tukuone".

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitambaa alichokuwa nacho ndani miaka yote bila kukikunjua.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kumbe nina mkwe mwenye macho, na mimi hapa nimekaa namsifu mwanangu tu. Nisamehe, mama. Lete sahani yako."

Naye kwa mkono wake mwenyewe akaanza kumpakulia, kipande kizuri, kile ambacho siku zote kilikuwa cha Chapuchapu.

Hiki ndicho Bi Futi alichokuwa na njaa nacho miaka yote. Kilikuwa mbele yake, kinatoa mvuke. Alichotakiwa kufanya ni kula. Mwisho wa meza wifi yake alikuwa ameacha kutafuna. Hakukunja uso. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama siku ile Mkuu alipouliza, kwa macho yaleyale yanayongoja.

Bi Futi aliushika mkono wa mama mkwe, akaurudisha taratibu pamoja na kijiko chake.

"Mama, subiri usipakue," alisema. "Nina neno."

Mume wake aliinua kichwa. Bi Futi alivuta pumzi.

"Kosa lile nililiona Jumanne. Niliona kila kitu, nikanyamaza. Nilitaka wifi aaibike mbele ya bodi. Jana nikaulizwa na Mkuu, nikanyamaza tena. Aliyelirekebisha ni yeye, peke yake, na sifa akanipa mimi."

Kijiko kilibaki hewani. Mama mkwe alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake, akamrudia binti yake.

"Ulitaka aaibike?" mume aliuliza polepole. "Dada yangu?"

"Nilitaka," alisema Bi Futi. "Na nikisema haipo tena roho hiyo, nitakuwa nadanganya. Ipo. Naiombea."

Kisha kiti kilikwaruza sakafu. Chapuchapu aliinuka mwisho wa meza, akaja na sahani yake, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya Bi Futi. Hakumkumbatia, wala hakumtazama usoni.

"Kile kipande, mama," alisema, "kama hakina mwenyewe, nipe mimi. Nusu. Nusu mpe huyu pampu anayetapika."

Bi Futi alicheka, na machozi yakamtoka palepale kwenye kicheko. Mama mkwe alikata kipande katikati, akikunja uso kwa makini ili nusu zitoshane. Hazikutoshana. Kubwa ilikwenda kwa Chapuchapu, na Bi Futi aliiona, akapima kwa jicho ni kubwa kiasi gani, akainamisha kichwa na kusema neno lake la shukrani juu ya ndogo.